Sugow na Saa ya Utafiti

Ukimsikia mtu anasema Mwalimu Sugow alikuwa mpole, jua hakuwahi kufanya naye kazi. Mpole kwa wanawe, mpole kwa ngamia, sawa. Lakini ungemwonyesha mkufunzi anayesoma daftari tangu asubuhi hadi mchana, wanafunzi wakinakili bila hata kuinua kichwa, hapo ndipo ungemjua.

Alizaliwa Hadado, akasomea sayansi Kampala, na mwaka wa sitini na sita alikuwa mkufunzi katika chuo kidogo cha walimu pale Wajir, vyumba vitatu vya mabati na ua wa miiba. Vita vya Wasomali wa huko kutaka kujitenga na Kenya vilikuwa vimepamba moto. Barabara zilitegwa mabomu, kafyu ilianza saa kumi na mbili jioni, na kutoka nje ya mji mpaka uwe na kibali. Wakufunzi wenzake walikuwa watu wa bara, na wengi walingoja uhamisho tu. Sugow alikuwa na lake. Alimsumbua mkuu wa chuo, Bwana Muriuki, miaka miwili mizima, mpaka akapewa saa moja kwa wiki: saa ya utafiti, wanafunzi watafute jibu la swali ambalo halimo kitabuni. Na kwa kuwa wakufunzi wenyewe hawakujua pa kuanzia, kila Jumamosi aliwafundisha yeye. Ebo! Mtoto wa mchungaji wa Hadado anawafundisha mabwana wa bara namna ya kufundisha! Alijivuna, na ilikuwa haki yake.

Sasa sikia alichofanya Gitau. Huyu alikuwa mkufunzi wa elimu ya viumbe, mtu wa bidii, ila haraka yake, Mungu amsamehe. Jumatatu moja aliwachukua wanafunzi wake hadi kisimani kupima ngamia hunywa maji kiasi gani. Wazo zuri kabisa. Akafika, akafungua daftari, akamwendea Hawo, mjane aliyepanga zamu za kunywesha kwa sababu kisima kilichimbwa na baba yake. Akauliza kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mama, una ngamia wangapi?"

Lahaula! Wanaume waliacha kamba. Hawo alinyanyua fimbo yake akawaswaga wote, mkufunzi na wanafunzi wake, mpaka barabarani.

Asubuhi ya pili wanafunzi kumi na mmoja hawakuonekana chuoni. Wazazi walikuwa wamewazuia, na walisema hawarudi mpaka Hawo aseme mwenyewe. Bwana Muriuki alimwita Sugow ofisini.

"Mwalimu, nimekuvumilia. Sina chuo kama sina wanafunzi. Ijumaa wakiwa hawajarudi, saa yako naifuta, kila mtu arudi kwenye daftari lake."

Sugow alitoka pale akiwaka kwa hasira. Miaka miwili ya kubembeleza, ipotee kwa swali moja! Alimkuta Gitau amejiinamia chini ya ubao.

"Gitau, ndugu yangu, kwenu una watoto?"

"Ninao."

"Nikija kwako, nikawanyooshea kidole mmoja mmoja, nikiwahesabu kwa sauti?"

Gitau alishtuka. "Hapana bwana! Kwetu mtoto hahesabiwi hivyo. Ni mkosi."

"Na ngamia kwetu ni hivyo hivyo. Tena mwezi juzi tu kuna watu walihesabiwa mifugo, na wiki iliyofuata ikachukuliwa na serikali kwa mambo ya vita. Sasa wewe umekuja na daftari na kalamu. Walikuona wewe ni nani?"

Gitau alifunika uso kwa mikono. Alikuwa mtu muungwana, na aibu ilimwingia kweli kweli.

Mchana huo Sugow aliwakusanya wakufunzi wote watano akawapeleka kwa Hawo, mikono mitupu. Njiani aliwapa somo lao, na hakulipaka sukari: "Utafiti hauanzi na swali lako wewe. Unaanza na jambo linalomkosesha mtu usingizi. Leo hakuna kuuliza kitu. Tunakaa, tunasikiliza."

Gitau akaomba radhi, Sugow akitafsiri. Hawo akamwangalia weee, kisha akamgeukia Sugow. "Eeddo," alimwita, maana kwa Wasomali shangazi na mtoto wa kaka yake huitana kwa neno hilo hilo, na hata wasio ndugu, kwa heshima. Akasema, "Mimi sina ngamia wa kuhesabiwa. Mimi nina kisima. Kabla ya kafyu hakikukauka hata siku moja. Siku hizi saa nne asubuhi ni tope. Watu wanasema kimelaaniwa. Nyinyi mliosoma, kimelaaniwa?"

Gitau alifungua mdomo ajibu. Sugow akamkanyaga mguu.

"Eeddo, tupe wanafunzi na siku mbili."

Hawo akawatuma wale kumi na mmoja, kwa siku mbili tu. Walifunga mafundo kwenye kamba, kila shubiri fundo moja, wakaiteremsha kisimani kila saa, kuanzia alfajiri hadi karibu na kafyu. Walihesabu ndoo, si ngamia. Na wakufunzi? Walikaa kando kimya, ila Gitau alishika kamba kama wanafunzi.

Alhamisi alasiri watu walijaa kisimani. Aliyesimama ni Noordin, mwanafunzi mwenye mke na watoto wawili, aliyekuwa mmoja wa wale waliozuiwa.

"Hakijalaaniwa," alisema. "Zamani mlinywesha mchana na usiku, kidogo kidogo. Kafyu imewafanya mje wote alfajiri, mnakimaliza kwa mkupuo. Lakini maji yanarudi. Ikifika saa tisa mafundo sita yako ndani ya maji tena. Nusu yenu waje asubuhi, nusu nyingine saa tisa, na kila mtu atafika nyumbani kabla ya kafyu."

Watu wakanong'ona. Mzee mmoja akashuka mwenyewe kuchungulia, akapanda juu ameloa miguu, akatikisa kichwa kukubali.

Hawo hakucheka. "Na jilali ikikaza?" aliuliza, akimaanisha kile kiangazi kirefu. "Maji yatarudi saa tisa vile vile?"

Sugow aliona macho ya Noordin yakimtafuta, kisha yakimtafuta Gitau. Uongo mmoja mtamu ungetosha kuwarudisha wanafunzi wote chuoni siku ile ile.

Gitau akatikisa kichwa polepole, kumkataza asidanganye.

Noordin akamgeukia Hawo. "Hatujui, mama. Hatujapima."

Hawo alimtazama yule kijana. Kisha akamtazama Gitau, akamwambia kwa Kiswahili chake, ambacho p hugeuka b, ili aelewe bila mkalimani:

"Basi hawa warudi chuoni. Jilali mje. Wote. Mbime."