Siku Benki Ilipokuja Kunywa Chai Jericho

Mwenyekiti wa wapangaji alitaka kumfukuza mama yangu, na hilo sijamsamehe. Wala sina haraka.

Nyumba zetu za mtaa wa Jericho zilikuwa zimepangiwa kubomolewa, gorofa zijengwe mahali pake. Mjenzi alikuwa tayari, ila benki ya kumkopesha ilitoa sharti: kila anayeishi pale apewe nyumba mpya kwanza, ndipo zinazobaki ziuzwe. Mwenyekiti akawaambia watu wa benki mama si mpangaji, eti nyumba iliandikishwa kwa jina la marehemu baba, mfanyakazi wa reli, na haki yake ilizikwa naye. Kumbe alitaka nafasi hiyo ampe shemeji yake. Mama ameishi humo tangu aolewe! Alikaa kitandani akaniuliza, "Sasa nitaenda wapi?" Nikaapa yule mzee atanijua.

Mwenyekiti mwenyewe alihamia mtaa wa Buruburu kitambo, nyumba yake ya Jericho akampangisha fundi wa viatu na mkewe. Benki ilipotuma watu waje kujionea nani anaishi wapi, aliwatoa wale wawili asubuhi, akaleta makochi yenye vitambaa vya kufuma, akaketi mlangoni na kandambili, eti ameamkia hapo.

Wageni walipofika uwanja wetu, nilichangamka kuliko wote. "Chai tutanywa nyumbani kwa mwenyekiti," nikasema kwa sauti. "Si yeye ndiye baba wa mtaa?" Majirani wakapiga makofi. Angekataaje? Akachukua sufuria, akaenda kuteka maji kwenye mfereji wetu wa pamoja, bomba lililo uwanjani.

Sasa, mfereji wetu hauna kishikio. Tulikitoa wenyewe, yeye akiwa ameshahama, maana wapita njia walikuwa wanaacha maji yakimwagika. Kila nyumba ina kishikio chake nyuma ya mlango, unakibeba ukienda kuteka. Anayeishi pale hata hafikirii. Mwenyekiti alijaribu kukizungusha kwa vidole kile chuma kilichobaki, akakifunika na shati, akajaribu tena. Jasho likamtoka. Mama, na huruma zake, akaanza kuinuka na kishikio chetu mkononi. Nikamvuta leso. "Keti, mama."

Lo, nilifurahi! Sidanganyi.

"Mzee," mama mmoja wa benki akamuuliza, "wewe huteka maji wapi?" Mzee akainamia sufuria yake. Mgeni akatugeukia sisi, nami nikammwagia yote: Buruburu, fundi wa viatu, shemeji. Majirani waliokuwa wakimwogopa wakaanza kusema wote kwa pamoja. Yule mama akaingia kwetu, akaketi na mama yangu, akamsikiliza mpaka mwisho.

Leo gorofa zimesimama. Fundi amepata nyumba, mama yuko orofa ya tatu, mwenyekiti hana kitu. Siku ya maombi ya kuingia nyumba mpya, mama akamwalika. "Ndiye aliyebeba jeneza la baba yako," akaniambia. Sawa. Nilimpakulia mwenyewe, chapati na kuku, nikamwongezea mchuzi. Alikula akiangalia dari, akiangalia madirisha, akiangalia kila kitu isipokuwa mimi.

Nilimsindikiza hadi getini.

"Asante, binti yangu," akasema.

"Karibu tena, mzee. Ila siku ukija, piga simu kwanza. Hapa mgeni hafunguliwi mpaka mwenye nyumba akubali."