Mawe ya Redio Juani

Harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani kwetu, wanaokauka juani ndiyo inayonirudisha Kavimvira, mwaka ule wa uasi, miaka michache tu baada ya uhuru, nikiwa binti wa miaka tisa. Kando ya ndagala wale mama alianika mawe ya redio, kwa kuwa mapya hayakupatikana na kila mtu aliamini kwamba joto huyaongezea nguvu. Baba alikuwa karani huko Albertville, mji wa mbali kusini mwa ziwa, na meli zilikuwa zimesimama. Kila jioni, jua likishazama, kituo kimoja cha mbali kilisoma salamu za watu waliotengana na jamaa zao. Mama aliitegea redio sikio, akisubiri jina moja tu.

Halafu sauti ikapotea. Jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu, tulisikia mkwaruzo mtupu, kama karanga zinazokaangwa. Mama akazidi kuanika mawe, tangu asubuhi hadi alasiri, maskini. Majirani walisema askari wameziba hewa. Baba mdogo akaja na uvumi kwamba kaka yake ameuawa. Lisemwalo lipo, alisema, na kama halipo laja. Akatoa wembe mfukoni, akataka mama anyolewe nywele, kilio kianze. Nilimchukia siku ile, na sioni sababu ya kuficha. Mama hakupandisha sauti.

"Shemeji, minye sitalilia mutu mwenye sijaambiwa amekufa," alimwambia. "Redio itasema."

Wembe ukarudi mfukoni. Jioni ya sita sauti ilirudi, safi kabisa, na baada ya majina mengi likasomwa la baba: yu mzima, mkewe amngoje. Hapo ndipo mama alipolia, na baba mdogo akalia kumshinda.

Miaka mingi baadaye mwanangu, mwalimu wa fizikia, alinieleza kwamba usiku mawimbi ya redio hudunda kwenye tabaka la juu la anga, ndipo yakafika mbali. Na jua likichafuka, likitupa dhoruba zake, tabaka hilo huvurugika hata siku kadhaa. Pengine ndivyo ilivyokuwa. Mama alikuwa akiliomba jua msaada, kumbe jua ndilo lililotunyima sauti. Nilicheka, kisha nikaona haya. Juma lililopita simu ya mwanangu huyo haikupatikana tangu asubuhi, na kufika saa nane mchana nilikuwa nimeshawaita majirani waje tulie.