Mkaguzi wa Lifti na Kona Yake Moja

Kila alipoingia mahali, kabla hajasalimia wala kutafuta kiti, alidunda kwa visigino mara mbili. Du, du. Kisha akatega sikio, kama mtu aliyeipigia sakafu hodi na sasa anangoja kukaribishwa. Alifanya hivyo benki, alifanya hivyo msibani, na alifanya hivyo siku ya harusi yake mwenyewe, juu ya jukwaa la mbao, keki ikatikisika hadi bwana na bibi harusi wa sukari waliosimama kileleni wakageuziana migongo. Bibi harusi wa kweli alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, akadhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha, ulikuwa ugonjwa wa kazi. Mumewe alikuwa mkaguzi wa lifti. Kwa miaka ishirini na sita aliingia kwenye masanduku ya majengo ya watu, akadunda, akasikiliza kamba za chuma zinasema nini, akapiga muhuri, akatoka. Alipanda akashuka, akashuka akapanda. Safari zake zote zingeunganishwa, pengine angekuwa amekwishafika mwezini, na njia nzima asingekutana na kona hata moja.

Gari lao lilikuwa la milango miwili, refu, rangi ya maziwa, limenunuliwa kwa mtu, lenye viti ambavyo ukivikalia unazama mpaka unasahau ulikokuwa unakwenda. Lilipita juu ya shimo kama mtu mzima anavyopita juu ya tusi: amesikia, lakini hajibu. Mkewe hakujua lolote kuhusu magari. Alijua keki. Alioka keki za harusi katika jiko la nyumbani lenye oveni mbili, na kwa miaka kumi na mmoja alizisafirisha ndani ya buti la gari hilo, juu ya mkeka wa mpira na taulo lenye unyevu, bila hata moja kupata ufa. Kila safari alisema maneno yale yale: "Taratibu, baba watoto, tumebeba keki." Na gari lilionekana kuelewa.

Aliyeharibu mambo ni shemeji, yaani kaka wa mke, mtu mwenye ulimi wa wembe na kigari kidogo cha kelele. Jumapili moja alipewa lifti, ile ya barabarani. Kwenye mzunguko, gari refu likalala upande kama lilivyozoea. Shemeji akashika mpini wa mlango kwa mikono miwili, akapiga yowe la mtu anayezama.

"Shemeji, hili si gari! Hiki ni kitanda chenye usukani!"

"Tulia wewe."

"Na wewe si dereva. Wewe ni mgonjwa anayehamishwa wodi!"

Utani wa mashemeji hauna kesi, lakini huu uliingia ukavua viatu, ukakaa. Mkaguzi alikuwa na miaka hamsini na miwili. Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alianza kusema kwamba gari linatakiwa kushika barabara. Wiki nzima hakusema jingine. Kushika barabara. Kukata kona bila kulala.

Sasa, kutoka nyumbani hadi ofisini kulikuwa na kilomita sita, matuta kumi na moja, na kona moja, ile ya duka la dawa. Kona moja! Wanaume wamewahi kuharibu nyumba zao kwa sababu kubwa zaidi ya hiyo, lakini si wengi.

Fundi alikuwa mtu mnene mwenye penseli sikioni. Alilizunguka gari, akalibonyeza kwa kiganja pembeni, likashuka na kupanda polepole kama kifua cha aliyelala.

"Mzee, gari hili limezaliwa mto," akasema. "Nikiligeuza ubao, nitakupa ubao mzuri sana. Ila usije ukanilalamikia mbavu."

"Mimi sitaki kulala, fundi. Nataka kukata kona."

"Ipi?"

Mkaguzi akakohoa.

Fundi akafanya alichoombwa. Akaweka springi fupi na ngumu, shokapu mpya nne, bushi ngumu mahali pa zile za mpira uliochoka, na kile chuma kinachofunga gurudumu la kushoto na la kulia kikawa kinene kama mkono wa mtoto. Gari likashuka vidole vinne. Likakaa chini kama paka anayenyatia panya, ila paka wa makamo, anayejua kwamba panya hatapatikana. Springi za zamani fundi alizitia kwenye gunia, akampa mwenyewe. "Zitunze," akasema, na hakusema kwa nini.

Jioni mke alimuuliza swali moja tu.

"Na keki?"

Mume akajaza bilauri maji, akaiinamisha juu ya meza hadi tone likamwagika. "Umeona? Kinachomwaga ni kuinama. Gari haliinami tena. Keki yako itakaa humo kama imepanda lifti."

"Na matuta?"

"Tuta ni la sekunde moja, mke wangu."

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lenyewe, kosa ambalo mkaguzi wa lifti peke yake ndiye angeweza kulifanya. Maisha yake yote alikuwa amepambana na kuyumba. Ndani ya lifti hakuna tuta.

Mke alilifuta lile tone kwa kitambaa. Jumamosi iliyofuata alikuwa na keki ya ghorofa nne ya kupeleka kwenye ukumbi wa hoteli kubwa, na meneja alikuwa amemwambia waziwazi: "Hii ikifika salama, mama, harusi zetu zote za mwaka ni zako." Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akilingojea neno hilo. Angeweza kutafuta gari jingine. Lakini kumwamini mume nako ni tabia, kama kudunda sakafu, na tabia haikuulizi kama umeamka vizuri.

"Taratibu, baba watoto, tumebeba keki."

Tuta la kwanza liliwapiga kwenye meno. La pili mke alilisikia kiunoni. Kufika la nne alikuwa ameacha kuhesabu, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama abiria wa ndege inayoanguka. Kisha wakafika duka la dawa, na mumewe akaikata ile kona. Aliikata vizuri, haki ya Mungu, gari likapita limenyooka kama rula.

"Umeona?" akapaza sauti. "Umeona lilivyoshika?"

Nyuma, ndani ya buti, kitu kikatoa sauti ya mtu mnene anayejitupa kwenye kochi.

Walipofungua, ghorofa ya nne ilikuwa imezama ndani ya tatu, na ya tatu imepasuka mbavu. Mke alifanya kazi dakika arobaini kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi, kwa kisu bapa na maua aliyoyang'oa kwenye meza za wageni, akaokoa ghorofa mbili. Mumewe aliingia, akadunda sakafu ya ukumbi mara mbili, akatega sikio, akaridhika nayo. Kisha akaitazama keki.

"Tatizo ni keki yako," akasema. "Laini mno. Ungeikaza kidogo."

Mkewe akachukua ua jingine.

"Tutazungumza, mama," meneja alimwambia akimsindikiza mlangoni. Kuna kuzungumza kwa kufungua kalenda, na kuna kuzungumza kwa kufunga mlango.

Jumatatu yake mke alimtafuta mwenye mkokoteni aliyekuwa akibeba vioo vya madirisha. Magurudumu yake yalikuwa ya mpira, nusu upepo.

"Upepo ukijaa sana, mzigo unalia," mwenye mkokoteni alimweleza, wala hakuhitaji bilauri ya maji.

Tangu siku hiyo keki zilikwenda kwa mkokoteni, naye akitembea nyuma na mwavuli. Na kwa kuwa gari la mumewe lilikuwa limeshuka mno, kila tuta ilibidi alipande kimshazari, gurudumu moja moja, kama mtu anayeingia maji ya baridi. Mkokoteni ukawa unampita. Kinyozi wa jirani na duka la dawa akatoka nje na mkasi wake kushuhudia.

"Bwana Kona! Mkeo anakupita kwa miguu!"

Mke hakugeuka. Aliinua mwavuli kidogo tu.

Keki ya tatu iliyopita mbele ya hoteli juu ya mkokoteni, imenyooka, haina ufa, meneja aliifuata mpaka barabarani. Safari hii alikuwa na kalenda mkononi.

Springi laini hazikurudi. Gunia lilikaa mlangoni pa jiko, na mke akiingia na trei alilisukuma kwa mguu lizuie mlango usijifunge. "Nikilegeza leo, shemeji atasema nini?" mume aliuliza kila alipoliona. Shemeji mwenyewe, kwa ajili ya mgongo wake, alikwishanunua gari kubwa linaloyumba kama machela.

Miaka minne ikapita. Asubuhi moja moyo wa mkaguzi ulisimama kidogo, ukafikiri, ukaendelea vibaya. Jirani aliwapeleka hospitali. Wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu, naye akadunda godoro kwa kisigino mara mbili, taratibu, akatega sikio. Sijui lilimwambia nini.

Muuguzi aliyekisukuma alikuwa na haraka. Magurudumu yalikuwa ya chuma, na kila mahali vigae vilipokutana, kitanda kiliruka na mtu akaruka nacho. Mke alitembea pembeni, mkono juu ya chuma. Neno moja kutoka kwa mumewe alikuwa amelingojea miaka minne, na alikwishaacha kulingojea. Mbele korido ilipinda kushoto. Mumewe aliiona ile kona kabla yake, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta ainame.

"Mama watoto," akasema, "mwambie aende taratibu. Mwambie amebeba keki."