Mama Sweta na Namba Zinazofuatana

"Hivi huyo wifi yako anatafuta nini darasani na mvi zile, mwenzangu?" jirani aliniuliza siku moja tukianua nguo. Nilitabasamu tu, lakini neno lile lilinichoma.

Wifi yangu ni mfumaji. Sweta nyingi za wanafunzi wa mtaani kwetu zimetoka kwenye sindano zake, ndiyo maana wanamwita Mama Sweta. Anataka cheti cha sekondari aingie chuo cha ualimu. Mwalimu wa hesabu wa masomo ya jioni ndiye anayepeleka majina ya watakaofanya mtihani. Asipopeleka lako, mwaka umekwenda hivyo.

Jaribio likaja la namba zinazofuatana: namba ya kwanza tatu, kizidisho mbili. Wifi akaandika tatu, tano, saba, tisa, badala ya tatu, sita, kumi na mbili, ishirini na nne. Mimi namwelewa. Mkono wa sweta unaupanua kwa kuongeza vitanzi viwili, unafuma kidogo, unaongeza viwili tena. Akiona mbili, vidole vyake vinajumlisha vyenyewe.

Kosa ni kosa. Si mwalimu angelisahihisha yakaisha? Badala yake aliisoma karatasi kwa sauti mbele ya vijana wa rika la wanawe. "Mama Sweta, hapa hatufumi! Rudi ukalee wajukuu." Darasa zima likaangua kicheko. Mungu anisamehe, niliposikia nilitamani kumfuata na mwiko.

Wifi alikuja kwangu, akatoa uzi. Alianza na vitanzi vitatu, na kila mstari akakigeuza kila kitanzi kuwa viwili. Haukupita muda kitambaa kikajikunja kama kabichi, sindano ikajaa pomoni.

"Wifi, ona! Hii haipanuki, inafura!"

"Mkono huo labda umvalishe tembo," nikamwambia. Tulicheka mpaka machozi. Kisha akarudia maswali yote ya kuzidisha, na safari hii hakujumlisha hata moja.

Kesho yake nilimsindikiza kwa mwalimu. Hata uso hakuinua.

"Jina lako silipeleki, mama. Hesabu si ya kila mtu."

Si ya kila mtu! Kwani Mungu alipogawa akili alimwomba ruhusa yeye? Nilifungua mdomo, wifi akanibana mkono. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mwalimu.

"Mwalimu, naomba unipe jaribio jingine sasa hivi. Ukishalisahihisha, karatasi yangu unirudishie mwenyewe mkononi, usiisome tena mbele ya darasa."