Ubao wa Fundi Baiskeli

Fundi baiskeli wa machimboni amefariki. Tumemzika Masumbwe Jumamosi, nami nimerudi na hasira ambazo ndugu msomaji itabidi univumilie. Kilichonichefua ni mkubwa mmoja mstaafu aliyesimama mbele ya jeneza, leso mkononi, akamwita marehemu mpenda amani aliyeelewana na viongozi wote. Mzee mzima, haoni hata haya! Yeye ndiye aliyeamuru ubao wa marehemu upasuliwe kuni. Waombolezaji wakaitikia amina, na mimi nikiwemo.

Vyama vingi vilipokuwa ndiyo kwanza vinaanza, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na machimbo, upande wa Geita. Fundi alikuwa na kibanda njiani, na nje alisimamisha ubao mweusi. Kila asubuhi, kabla hajagusa spana, aliandika habari zake mwenyewe: kiongozi gani kawapa shemeji zake maduara, yale mashimo ya dhahabu, nani kapigwa bila kosa. Nusu ya chini aliwaachia wapita njia wamjibu, chaki ikining'inia kwenye kipande cha mpira wa tairi. Sharti lilikuwa moja tu: ukiandika, utie jina lako.

Simsafishi kwa kuwa amekufa. Alikuwa mbishi na mjuaji, mtu wa kukukazia breki huku akikusimanga kwa uoga wako. Wachimbaji walipotangaziwa wahame kupisha kampuni, aliandika juu kwa herufi kubwa: HATUHAMI MPAKA TUSIKILIZWE. Chini majina yakajaa, ya wachimbaji na ya mama mmoja muuza uji. Nami, mori ukiwa umenipanda, nikaandika "Mwalimu yupo nanyi," nikatia jina.

Siku ya tatu nikaingiwa na wasiwasi, nikamfuata.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwalimu."

"Futa majina, maneno yabaki. Unawaandalia askari orodha."

"Nikifuta watasema ni maneno ya wachochezi wa mjini. Haya yana wenyewe, na wenyewe wanakaa hapa."

"Utawafungisha watu wewe!"

"Nani nimemshika mkono akaandika?" Akacheka, akainamia mnyororo wake.

Nilikuwa bado nimesimama pale nje, nimenuna, nilipoona vumbi la Landrova likija. Nikanyoosha mkono, nikafuta jina langu kwa mkono wa shati. Langu tu. Muda wa kuyafuta yote nilikuwa nao, wallahi nilikuwa nao, lakini nikashika njia ya shuleni. Askari hawakumuuliza mtu chochote. Walitoa karatasi, wakanakili ubao, kisha wakazunguka wakiita watu mmoja mmoja. Mama muuza uji alichukuliwa na mtoto mgongoni.

Fundi alirudi baada ya majuma kadhaa, mguu wa kushoto haukunjiki. Ubao ulikuwa umeshapikiwa ugali wa askari, na maduara ya wenzake yameshafukiwa. Nilimpelekea baiskeli nikiwa tayari kwa matusi.

"Mwangaluka, Mwalimu," akaniamkia Kisukuma kama kawaida. "Siku ile nilikuona kwenye kioo cha baiskeli." Kisha akaanza kunitengenezea breki.

Tangu hapo nimemchukia, na nimemlaumu kila nilipopata wa kunisikiliza: ukaidi wake na sharti lake la kijinga ndivyo vilivyowaponza wale watu. Wiki hii, mjini Shinyanga, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi alinionyesha kompyuta yake. Akaniambia siku hizi mtu anajiwekea ukurasa wake kwenye mtandao, anasema anachotaka, dunia nzima inasoma, na jina si lazima. "Hakuna wa kukuzuia, Mwalimu!" Nikamwambia aache utani. Wenye karatasi zao watafika huko pia, na sisi wenye mikono miepesi tutakuwepo kuwasaidia. Uhuru wa kusema hauuawi na askari peke yao. Tunauua sisi tunaofuta jina moja na kuyaacha ya wenzetu.

Nyote mnajua kwamba safu hii haina jina la mwandishi. Makala ya leo nilikuwa nimeiandikia jina langu kamili pale chini. Nimelikata kabla ya kuipeleka kwa mhariri.