Jicho la Kushoto la Dimanche

Mushaki ni nchi ya ng'ombe, na watu wake hawaoni haya kukuuliza kazi ya mnyama asiyekamuliwa wala kuliwa. Mama Thacienne aliulizwa swali hilo miaka mingi mpaka akaacha kulijibu. Na farasi mwenyewe hakuwa hata wake. Alikuwa wa patron, mwenye shamba, ambaye zamani alimpanda kwenda misa, ndiyo maana akaitwa Dimanche, yaani Jumapili. Aliyemlisha na kumsugua alikuwa Nsengimana, mume wa Thacienne. Kisha Nsengimana akafariki, ng'ombe wakauzwa, patron akahamia Kirotshe kando ya ziwa, na watoto wa Thacienne wakaenda kuchimba madini Rubaya, wakawa wanapiga simu pale mtandao unapojisikia. Kilimani akabaki mjane na farasi.

Alizoea kupika viazi vya watu wawili. Akishaepua ndipo anakumbuka, anamgombeza marehemu kwa kuwahi kuondoka, halafu anatoka nje kwenda kumalizia ugomvi penye uzio, mbele ya Dimanche. Farasi ana adabu kuliko waume wengi, hamkatizi mtu maneno.

Mvua zilipoanza, jicho la kushoto la Dimanche likatoa machozi, likatoa usaha, mwisho likajifunga. Akawa anagonga lango kwa bega. Akawa hapigi hatua mpaka Thacienne asimame upande ule mbovu ili amwegemee, waende hivyo hivyo wakisukumana kama walevi wawili. Nami sitamfichia mama wa watu: alipenda. Tangu amzike mumewe, hakuna kiumbe kilichowahi kumwegemea.

Hata hivyo alimpigia patron simu, na patron akamtuma Émilienne, muuguzi wa mifugo, binti wa Butembo. Kaka zake wana maduka na malori, na mpaka leo wanamuuliza ataacha lini kushika mikia ya ng'ombe.

Émilienne alimchoma Dimanche sindano ndogo juu ya jicho, kope ikalegea. Akadondosha dawa ya ganzi. Kisha akaosha usaha wote na kuumwaga, jambo lililomshangaza Thacienne, kwani alidhani usaha ndio uliofuatwa. Émilienne akamweleza kwamba usaha ni takataka tu. Maabara ya Goma inataka chembe za jicho lenyewe, zile za juu kabisa, ndipo ijue adui ni nani na dawa ipi itamuua. Akatoa kiburashi chembamba, kama kile mabinti wanachopakia kope rangi.

"Mama, mushikilie kichwa. Akitikisika kidogo tu, nitamuumiza."

Thacienne akakikumbatia kile kichwa kikubwa, akaweka shavu lake kwenye shavu la farasi. Kiburashi kikapita juu ya jicho polepole, kikaviringishwa juu ya kipande chembamba cha kioo, kisha juu ya kioo cha pili. Dimanche alitulia tuli. Hapo ndipo Émilienne, akipunga vioo vikauke, alipofikisha ujumbe wa patron.

"Patron anasema, jicho ikipona, farasi itashuka Kirotshe, wajukuu wake wamupande. Jicho ikikufa, basi, farasi itabakia na weye huku."

Thacienne aliitikia sawa. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Émilienne alikuwa bado na ng'ombe wa kutibu kule Masisi, njia isiyo ya Goma. Basi akafunga vioo ndani ya kiboksi, akamwomba Thacienne asimame barabarani ampe Archange, mmoja wa wale kaka zake wenye malori, atakayepita na lori la kabichi akienda Goma. Akamwonya asiviguse kwa kidole, maana chembe zile hufutika kwa kuguswa tu.

Thacienne akakaa kando ya barabara, kiboksi mapajani. Akakifungua. Juu ya kioo hapakuwa na kitu, ila utando hafifu kama pumzi ya mtu. Kidole kimoja tu. Maabara ingesema haikuona kitu, patron angechoka kutoa pesa, na Dimanche angemwegemea mpaka mmoja wao azikwe. Nani angejua? Kidole kilikuwa tayari kimetoka chini ya kitenge.

Akafumba jicho lake la kushoto, apate kuona ni hasara gani hasa. Nusu ya vilima ikaondoka. Akatazama hivyo kitambo, akijiambia kwamba mbona inavumilika, mtu anaishi. Ghafla honi ikamlipukia sikioni, akaruka. Lori la Archange lilikuwa limefika karibu naye, kwa upande ule uliofumbwa, na yeye hakuliona likija.

Akafunga kiboksi, vioo havijaguswa, akamkabidhi Archange. Akarudi kilimani akilia waziwazi, kwani njia ilikuwa yake peke yake.

Maabara ikajibu kuwa ni ukungu, jamaa ya ule unaoota kwenye mkate uliosahaulika, na dawa yake ipo. Thacienne akamtia Dimanche matone asubuhi, mchana na jioni, hata siku za baridi kali, bila kuruka. Kila tone lilimsogeza rafiki yake karibu na lango, na alilijua hilo kila alipoibana chupa. Jicho likafunguka. Utando uliolifunika ukaisha. Siku moja Dimanche akapita langoni peke yake, katikati kabisa, bila bega la mtu.

Tumukunde, aliyekuwa akichunga ng'ombe wa patron, akaja kumchukua. Alikuwa mtu mwema, akampa Thacienne muda wa kumsugua farasi mara ya mwisho, kisha akashika kamba wakaanza kuteremka. Thacienne akabaki langoni. Pale kwenye kona, barabara inapopinda, Dimanche alisimama, akageuza kichwa kwa upande wa kushoto, akatazama juu kilimani.

Jicho lilikuwa zima kabisa. Lilimwona.