Mbwa Aliyekataa Kibukusu

Kwetu, mtu akitaka kumwamrisha mbwa hutafuta Kiingereza. Hata yule ambaye hajawahi kumwambia mkewe neno moja la lugha hiyo, akimkuta mbwa jikoni hupaaza sauti: "Geti auti!" Sijui nani alitudanganya kwamba mbwa wote walisomea Ulaya.

Wangu alikuwa amesoma kweli. Nilipewa na mkulima mzungu wa Kitale, mji ninakofanya kazi, aliyekuwa akirudi kwao, mwaka ule mama alipofariki. Nikampeleka Bungoma, kijijini karibu na Myanga, amlinde baba aliyebaki peke yake. Nilijiona mtoto mwema kupindukia.

Shida ni kwamba baba alikichukia Kiingereza. Mbunge wetu alikuwa akituhutubia kwa lugha hiyo kila alipotaka tusielewe barabara yetu ilipotelea wapi, na baba aliwahi kumfukuza jukwaani mbele ya watu. Sasa mwanawe anamletea mbwa wa lugha ileile.

"Atajifunza Kibukusu," aliniambia. "Mimi siwezi pinda ulimi juu ya mnyama, bana."

Mbwa hakujifunza. Akiitwa, alitazama pembeni kama karani wa ofisi ya chifu. Akala kuku wa majirani hadi majirani wakakaa kikao, wakachagua mwenyekiti na kuandika kumbukumbu: akirudia kosa lolote, auawe. Kikao kile kilimaliza kazi kwa asubuhi moja, jambo ambalo bunge letu halijawahi kufanya. Nikaomba nimrudishe Kitale. Baba akakataa, wala hakusema sababu. Niliudhika sana, niliona ni ukaidi wa uzee tu. Akawa anamfunga kamba nyuma ya ghala.

Zikaja kampeni. Nilikuwa nimemtembelea baba siku mbunge alipoingia bomani kusalimia, vijana wake wakiwa na marungu. Mbwa akakata kamba, akatoka mbio akimlenga mheshimiwa. Marungu yakainuka. Mwenyekiti wa kikao, aliyekuwa amefuata sukari ya kampeni, akapiga kelele, "Ueni huyo! Si tulikubaliana?"

"Sidauni!" baba akanguruma.

Mbwa akakaa. Kijana mmoja wa kampeni naye akachuchumaa.

"Gudi boi," baba akasema kwa upole. "Sitei."

Marungu yakashuka. Mbunge akacheka. "Mzee, kumbe unajua Kizungu! Na ulinifukuza ya nini?"

"Huyu akiambiwa kitu anafanya," baba akajibu.

Walipoondoka nilimcheka mpaka nikatokwa na machozi, nikamuuliza nani amemfundisha. Akasema ni nesi wa Lugulu. Kila alipokwenda kupimwa presha, alimwomba neno moja la mbwa.

"Si ungeniachia nimrudishe Kitale, Baba? Ya nini kujisumbua hivyo?"

Alikuwa akimpangusa mbwa matope, na hakuniangalia.

"Mamako alienda. Wewe unapiga simu, unaniuriza kama nimekula chakula, unakata. Nani mwingine anakaa hapa nikiongea?"

Nilimwambia kazi ya Kitale ilikuwa nyingi. Ilikuwa nyingi kweli, lakini niliona aibu hata mbele ya mbwa.